Ukurasa wa Mia Tatu Sabini na Moja

Mama yangu anatafiti mioyo ya watu, na wake mwenyewe haujapata nafasi ya kupumzika tangu nimfahamu. Namfahamu tangu kuzaliwa.

Kazini wanamwita Daktari Nyamaza. Jina hilo alipewa na wauguzi, na ndani yake hamna ubaya. Mwisho wa korido ya kliniki ya moyo kuna chumba kidogo chenye viti vya plastiki, pazia la kijani na saa ya ukutani iliyotolewa betri makusudi ili isigonge. Wagonjwa huingizwa humo kabla ya kupimwa presha. Wanakaa tu. Hawaulizwi kama wamemeza dawa, hawaulizwi wametokea wapi, hawasalimiwi hata. Atakayefungua mdomo, Mama humtazama, naye hukumbuka ghafla kwamba hakuwa na la kusema. Mimi nimepigwa jicho hilo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na nathibitisha kuwa linafanya kazi.

Likizo ile nilirudi kutoka shule ya bweni na begi, ndoo, na barua ya mwalimu wa nidhamu. Barua ilieleza kwa lugha fasaha jinsi viatu vyote vya mguu wa kushoto vya bweni letu vilivyokutwa asubuhi juu ya jukwaa la ukumbi, vimepangwa safu mbili, vikitazama mbele kama wageni rasmi. Mama aliisoma amesimama, akaikunja, akasema vidole vyangu vina njaa ya kazi na bahati nzuri yeye kazi anayo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama alikuwa anaomba uprofesa kwa mara nyingine tena. Kwa watu wa fani yake, cheo hicho hakitolewi kwa kuhesabu wagonjwa uliowaponya, maana mgonjwa akipona huenda zake nyumbani na haandiki chochote. Kinatolewa kwa makala ulizochapisha kwenye majarida, na zaidi sana kwa idadi ya wenzako waliozitaja makala hizo ndani ya makala zao. Ukitajwa sana, wewe ni mkubwa. Usipotajwa, hata kama umegundua mahali roho inapolala, wewe ni jirani tu mwenye koti jeupe.

Mama hakuwa na makala nyingi. Lakini moja, ile ya kupumzika kabla ya kupimwa presha, ilikuwa imetajwa zaidi ya mara mia nne, na hiyo peke yake ilitosha kumvusha. Ila safari hii kamati ya vyeo ilikuwa na sharti jipya. Ilisemekana kuna waheshimiwa waliokutwa na nukuu hewa, yaani wamejihesabia kutajwa mahali ambapo hawakutajwa. Basi kila mwombaji aambatanishe nakala ya ukurasa aliotajwa, na mstari wenyewe upigwe rangi ya njano. Mtu wa kuketi na kufungua makala zaidi ya mia nne, azichape na kuzipaka rangi, hakuwepo kitivo kizima. Alikuwepo nyumbani, amesimama mlangoni na ndoo.

"Usipozembea utamaliza kabla shule hazijafunguliwa," Mama alisema. "Ukizembea pia utamaliza."

Meza ya kulia ikageuka ofisi. Bibi, ambaye ni mama yake Mama na anaishi nasi, alilazimika kula sahani ikiwa mapajani, na kila akipita na sahani yake alikuwa na neno. Aliniuliza huo uprofesa unapikwa kwa kuni gani, mbona miaka yote uko jikoni na hauivi. Nikamwambia unataka uvumilivu, Bibi. Akasema yeye uvumilivu anao, anachokosa ni meza.

Naeleza jambo moja, asije mtu akadhani Mama alitaka cheo kwa ajili ya kuitwa. Pale kazini kwake profesa hupewa kitengo chake na vyumba vyake, na daktari wa kawaida hupewa vilivyobaki. Mkuu wa kitivo alishatuma mafundi wawili na futi. Walikipima kile chumba cha viti vya plastiki wagonjwa wakiwa ndani, wakatoka wakisema meza ya mikutano itaenea. Mama akikosa uprofesa, chumba kinaondoka, na wagonjwa wanarudi kupimwa koridoni, jasho la ngazi halijakauka, huku wakiulizwa habari za nyumbani. Ndiyo maana alikuwa anaomba tena, kwa uso wa mtu anayepanda ghorofa ileile kila siku na lifti ni mbovu.

Siku za mwanzo nilipaka rangi bila kusoma, kama fundi anayepaka ukuta wa watu. Kilichonifanya nisome ni uvivu. Mwisho wa kila makala kuna orodha ndefu ya marejeo, na kumtafuta Mama humo kwa macho ni kama kutafuta soksi yako bwenini. Nikaona nitumie kompyuta kutafuta namba ya ukurasa. Makala ya Mama inaanza ukurasa wa mia tatu sabini na moja wa jarida lake. Nikaandika namba hiyo. Kompyuta ikasema hakuna. Nikatafuta kwa macho, nikamkuta Mama yupo, jina kamili, mwaka kamili, lakini ukurasa umeandikwa mia tatu kumi na saba. Makala iliyofuata, vilevile. Na nyingine. Nilipoanza kutafuta mia tatu kumi na saba, zikaja zenyewe kama kuku waliotupiwa mtama.

Nikapanda kwenye kiti, nikalishusha jarida lenyewe kutoka rafu ya juu, nikafungua ukurasa wa mia tatu kumi na saba. Kulikuwa na makala ya watu wengine kabisa, kuhusu mishipa ya damu ya nguruwe. Kwa miaka yote hiyo mabingwa wa moyo walikuwa wakiwaelekeza wasomaji wao kwa nguruwe, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Sasa, mtu mmoja akikosea tarakimu, amekosea. Mamia wakikosea tarakimu zilezile, kwa namna ileile, wamenakiliana. Sisi wa bweni hatuhitaji shahada kulijua hili. Mwaka juzi darasa letu zima lilipata jibu moja la ajabu kwenye swali la hesabu, na mwalimu hakuita mpelelezi. Alimtafuta tu aliyekaa katikati. Na mimi nikamtafuta aliyekaa katikati. Nikazipanga makala kwa tarehe, ya zamani kabisa juu.

Kabla ya kumtaja, niseme walichokuwa wameandika. Karibu wote waliandika kwamba dakika tano za kupumzika zinatosha kabla ya kupima presha, kisha wakaweka jina la Mama pembeni kama shahidi. Nilishangaa. Nimekulia nyumba ambayo dakika tano hazitoshi hata kupata jibu la swali. Nikaisoma makala yake mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza maishani. Muhtasari wake unaanza hivi: kwa muda mrefu imeaminika kuwa dakika tano za kupumzika zinatosha. Sentensi ya pili inasema utafiti huu unaonyesha sivyo. Mtu anatakiwa akae robo saa, na asisemeshwe. Yule wa kwanza alisoma sentensi ya kwanza, akaenda kunywa chai.

Naye hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vyeo, profesa wa moyo aliyeandika tathmini kubwa ya tafiti za presha, ambayo kila mtu huinakili. Hospitalini wanamwita Spika, kwa sababu ya sauti. Akiongea kliniki, wanaosubiri dawa kwenye jengo la pili huitikia. Alikuwa na desturi ya kumkumbusha Mama, mbele za watu, kwamba asingemtaja kwenye tathmini yake, leo asingejulikana. Na hapo alikuwa anasema kweli tupu.

Jioni ile Mama aliingia, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, mkoba ungali begani. Nikamuuliza kama amewahi kuwasoma waliomtaja.

"Niwasome saa ngapi?"

Nikamweleza yote, taratibu: ukurasa, dakika tano, Spika. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Nguruwe?"

"Nguruwe, Mama."

Bibi aliweka sahani chini, akacheka hadi akashika ubavu, akasema kumbe ndiyo maana hauivi, wameupika na nguruwe. Mama naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi, kikaisha njiani. Akaniuliza ni wangapi walioandika sawasawa. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshayatenga marundo mawili, moja nene kama mto wa kulalia, jingine jembamba la kuingia kwenye bahasha. Lile jembamba lilikuwa la wanafunzi wake wa zamani, pamoja na daktari mmoja wa mbali ambaye alimsoma vizuri ili apate kumpinga.

Mimi nilikuwa na ushauri, na niliutoa kwa heshima zote. Kamati haikuuliza wametaja nini. Iliuliza wametaja mara ngapi. Rundo nene ni halali, rangi ya njano imekaa mahali pake.

"Wewe nyamaza tu, Mama. Ndiyo jina lako. Pata cheo, chumba kibaki, halafu useme unachotaka."

Hakukasirika. Nilidhani amelala. Kisha akaanza kuongea, macho bado yamefumbwa. Alisema leo amempokea mama mmoja, muuza nguo, aliyetumia dawa za presha mwaka mzima na kila akisimama anaanguka. Amemkalisha chumbani, amempima, presha yake ni ya kawaida. Kule alikoanzishiwa dawa walimpumzisha dakika tano huku wakimuuliza ada za watoto amelipaje.

"Nilimwuliza muuguzi wa kule kwa simu, nikiwa mkali kabisa, nani aliyewaambia dakika tano zinatosha," Mama alisema. "Akasema iko kwenye mwongozo wao. Sikuangalia mwongozo umemtaja nani."

Akafumbua macho, akalitazama rundo nene.

"Kumbe ni mimi."

Bibi aliacha kutafuna. Nikataka kusema si yeye, ni Spika, ni nguruwe, ni wavivu wa dunia nzima. Lakini Mama alisema amechoka, tumwache, tutaona. Akalala palepale. Bibi akamvua viatu, kimoja kimoja, kama anavyovuliwa mtoto aliyerudi kutoka shule.

Asubuhi hakulitaja jambo lile. Aliniambia tu marundo yabaki mawili, yasichanganywe, na siku ya mhadhara niyabebe yote mawili pamoja na mashine ya presha.

Mhadhara ni sehemu ya maombi. Mwombaji husimama ukumbini, anaeleza utafiti wake mbele ya kamati, walimu, wanafunzi na yeyote mwenye nafasi. Ukumbi ulijaa kiasi. Bibi alikuja, amevaa viatu vya harusi, akakaa mbele kabisa pamoja na maprofesa na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Spika alifungua shughuli. Alifungua kwa muda mrefu. Alieleza historia ya fani, kisha historia yake ndani ya fani, ndipo akafika kwa Mama.

"Makala yake iliufundisha ulimwengu kwamba dakika tano zinatosha," alisema bila kipaza sauti, maana hakukihitaji. "Na niseme bila aibu, mimi ndiye niliyemtoa."

Wakapiga makofi. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama sakafu kama mtu anayehesabu vigae, na moyo wangu ukaniambia atanyamaza, chumba kitabaki, na mimi nitakuwa nimeshinda. Ajabu ni kwamba sikufurahi.

Mama akasimama. Akashukuru. Akasema hatachukua muda, amechoka na anaamini wote wamechoka, ila anaomba mwenyekiti amwazime mkono wake. Spika aliutoa kwa furaha. Mama alimfunga mkanda pale kwenye kiti chake, huku Spika akiwachekesha wa nyuma kuhusu madaktari wanaopenda kushika wakubwa mikono. Namba zikatokea ukutani kwa projekta. Zilikuwa za juu, na wanafunzi wa udaktari wakanong'onezana.

"Sasa Profesa upumzike dakika tano," Mama alisema. "Kama tulivyoufundisha ulimwengu."

Spika alipumzika kwa mtindo wake. Alimwambia jirani wa kulia kuhusu mkutano ujao, na jirani wa kushoto kuhusu yule wa kulia. Dakika tano zikaisha, Mama akapima tena. Namba hazikushuka. Spika akasema mashine ni mbovu.

"Mashine ni nzima, Profesa. Nakuomba usiseme neno mpaka nimalize. Binti yangu atakaa na wewe."

Nikakaa. Alipofungua mdomo kujibu, nilimpiga lile jicho. Sikujua kama nimelirithi. Nimelirithi. Mdomo ulijifunga wenyewe.

Ndipo Mama akazungumza. Hakupandisha sauti. Alieleza alichokiona kwenye korido miaka ile: jinsi moyo wa mtu unavyoendelea kupanda ngazi hata baada ya miguu kusimama, na jinsi swali moja la adabu linavyoweza kuupandisha tena. Akasoma sentensi ya kwanza ya muhtasari wake, kisha ya pili. Akaeleza ukurasa wa mia tatu kumi na saba na wenyeji wake. Kule nyuma walicheka. Safu za mbele watu kadhaa walianza kuvitazama viatu vyao kwa makini sana. Aliyekosea wa kwanza hakumtaja. Akanyanyua rundo nene, akaliweka mezani, likalia puu. Akaweka jembamba kando yake.

"Hapa ndipo nilipotajwa," alisema. "Na hapa ndipo niliposomwa. Naomba kamati inipime kwa hili dogo. Hilo kubwa linawaumiza wagonjwa, na jina lililoandikwa ni langu."

Robo saa ilipotimia akarudi kwa Spika, akapima mara ya tatu. Namba zilikuwa zimeshuka hadi pale presha ya mtu mzima inapotakiwa kuwa. Mama akainama, akamuuliza polepole ametumia dawa kwa muda gani. Spika, sijui kwa kusahau au kwa kushikwa, hakusema. Alionyesha vidole vinne. Miaka.

"Usiziache kwa kipimo cha leo," Mama alimwambia. "Njoo kliniki, tukupime vizuri."

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama anadhani atapata. Akasema anachodhani ni kwamba atalala. Bibi akasema uprofesa sasa umeiva, kilichobaki ni kama watu wa pale wana meno.

Hawakuwa nayo. Barua ya kamati ilikuja kabla sijarudi shule. Ilisema mwombaji mwenyewe amethibitisha kuwa nukuu zake nyingi hazihusiani na matokeo ya makala yake, hivyo haziwezi kuhesabiwa, na zilizobaki hazifikii kiwango. Maombi yameahirishwa. Kamati ilikubaliana na Mama kwa kila neno, na kwa sababu hiyo ikamnyima. Aliisoma mara moja, akaiweka chini ya chombo cha chumvi, akaniambia nichukue mashine tuirudishe kliniki kabla haijahesabiwa kuwa imepotea.

Ndivyo nilivyokuwepo kliniki siku ile mafundi waliporudi. Safari hii walikuwa na futi, mchoro wa meza ya mikutano, na karatasi ya mkuu wa kitivo. Walifungua mlango wa chumba cha viti vya plastiki bila kubisha. Ndani walikuwemo wagonjwa watano. Wa tano, kwenye kiti cha karibu na pazia, shati limekunjwa hadi kwenye bega, alikuwa Spika.

Fundi mkubwa akamwamkia, akasema wamekuja kuhusu chumba, Profesa, wanaomba wagonjwa watoke. Spika akavuta pumzi. Mama, aliyekuwa amesimama kwenye kona, alimtazama. Spika akaitoa pumzi bila neno ndani yake. Akanyanyua mkono usio na mkanda, akawapungia watoke, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula chake. Fundi akasubiri maneno, maana kwa Spika maneno hayajawahi kuchelewa. Hayakuja. Mkono ukapunga tena. Wakarudi nyuma, wakafunga mlango taratibu, na hadi leo hawajaonekana.

Nilimuuliza Mama hali hiyo itadumu hadi lini. Akasema Profesa amepangiwa kuja kila mwezi, na kwa umri wake Mama haoni sababu ya kumharakisha.

Marekebisho ya zile dakika tano Mama aliyaandika, jarida likayachapa ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya tangazo la mkutano. Wengine wanaendelea kutaja dakika tano na nguruwe. Mama anawaandikia mmoja mmoja, akipata nafasi, na nafasi hapati.

Shuleni tulipewa insha ya biolojia kuhusu moyo. Niliandika kurasa tatu, nikaweka marejeo mwishoni kama mtu mzima. Mwalimu akanirudishia na wino mwekundu pembeni: chanzo hiki umekisoma kweli, au umenakili mahali? Katika maisha yangu yote ya shule, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutuhumiwa kosa ambalo sikulifanya, na sikuwa na mazoezi ya kujitetea. Nikaandika chini yake kwamba nimekisoma, mwalimu, ukurasa wa mia tatu sabini na moja, na tafadhali asiende wa mia tatu kumi na saba.

Jumapili nilipanga foleni kwa matroni, nikapata zamu ya simu. Nikamwambia Mama ametajwa.

"Na nani?"

"Na mimi. Kwenye insha."

"Umenitaja sawasawa?"

Nikasema sawasawa, sentensi ya pili kabisa. Kwenye simu, nyuma ya Mama, nilimsikia Bibi akiuliza kama sasa atarudishiwa meza yake, na sufuria likifunikwa.

"Weka kwenye lile jembamba," Mama alisema, akapiga miayo.